Kiti cha Nyuma

Sehemu ya sita

Kwa wewe ambaye gazeti la wiki jana lilifungiwa nyama kabla hujalisoma: mimi ni Jentrix, mke wa Walubengo wa Mabanga, hapo karibu na Bungoma. Nilisoma mpaka darasa la nane nikaishia hapo. Nina miaka minne kwenye ndoa. Nimebeba mimba mara mbili, na mara zote mbili nimerudi nyumbani mikono mitupu, na mara zote mbili ilianza nikiwa nyuma ya pikapu, juu ya magunia, kwenye barabara ya kutoka Endebess.

Niliwaambia vile ile pikapu kuukuu iliuzwa kwa watu wa vyuma, na vile wiki hiyo hiyo niligundua nina mimba ya tatu. Nilicheka peke yangu jikoni. Nilidhani shida imeondoka pamoja na gari.

Haikuondoka. Baba mkwe wangu alikuwa ananunua gari lingine.

Kabla sijaendelea, kuna jambo lazima nilieleze, maana wasomaji wengine wako mbali. Kwetu, mke wa kijana na baba mkwe wake hawakaribiani. Hawashikani mkono, hawaketi kiti kimoja. Boma zingine siku hizi wamelegeza, wanasalimiana kutoka mbali na maisha yanaendelea. Mzee Makokha alikuwa hajalegeza. Kwa miaka minne alikuwa hajawahi kunitazama usoni. Akitaka kuniambia kitu anamwambia mama mkwe, Mama Sellah, naye ananiletea. Nikitaka kujibu, njia ni hiyo hiyo moja.

Si chuki, ni heshima. Niliambiwa hivyo na nikakubali.

Lakini hiyo heshima ikipanda pikapu yenye kiti kimoja tu cha mbele, lazima mtu mmoja aende nyuma. Dereva ni mume wangu. Mzee ni mwenye gari. Mama ana miguu mibaya. Anayebaki ni mimi na sufuria. Mara nne kwa msimu nilipanda Endebess kuwapikia wafanyakazi wa shamba letu la mahindi, na mara nne nikashuka. Kupanda matatu nilikatazwa. Mzee alisema boma lenye gari haliwezi kuonekana stendi likilipa nauli.

Basi siku ya kuchagua gari jipya tulikuwa Kitale sote wanne. Mimi nilikuwa nimetoka kliniki. Sister wa pale alisoma kadi yangu mara mbili, akaniambia bila kuzunguka kwamba huyu wa tatu akirushwarushwa kama wale wawili, nisije kumlilia yeye. Niliyabeba hayo maneno mpaka kwenye yadi ya magari.

Muuzaji alikuwa kijana wa tai, anaitwa Rotich. Alitusimamisha mbele ya pikapu tatu nyeupe, sura moja, taa moja.

"Mzee, hawa ni ndugu watatu, mama mmoja," akasema. "Tofauti ni mavazi."

Ya kwanza ilikuwa kabini moja, bodi ndefu ya mizigo, dirisha la kuzungusha kwa mkono, viti vya plastiki, na mahali pa redio palikuwa na shimo tu. Ya pili ilikuwa dabo kabini ya kawaida, yaani milango minne na kiti cha nyuma cha watu watatu, ila bodi imefupishwa. Ya tatu ilikuwa dabo kabini hiyo hiyo lakini imevalishwa kwenda harusini: dirisha la kubonyeza, hewa baridi, rimu za kung'aa, vyuma mbele, redio ya sidii.

Mume wangu alienda kwa ya tatu bila kupita kwingine. Alifungua mlango, akaufunga, akaufungua tena kusikia vile unalia. Akasema Bungoma nzima watu wako na kama hii ni wawili, na mmoja ni mheshimiwa.

"Na wewe ni mheshimiwa wa wapi?" Mzee akamuuliza.

Yeye Mzee alikuwa kwa ya kwanza. Alipiga bodi na fimbo. Alipima urefu wake kwa hatua, akaenda akapima ya pili, akarudi akitikisa kichwa. Akasema hii wamekata mkia, na mahindi hayajui hewa baridi.

"Na mvua ikinyesha, Baba?" Walubengo akasema.

"Mahindi yana tandarua."

Hakuna aliyeuliza mimi nina nini. Nilikuwa nimesimama kando, karibu na lango, mahali pangu.

Ni yule Rotich aliyeniona. Nadhani aliona miguu yangu imevimba. Akafungua mlango wa nyuma wa ile ya pili, akaniambia madam ingia upumzike, kukaa hakulipishwi. Mzee alipoona naingia, akageuka akaanza kuangalia ukuta.

Sijui nielezeje. Mgongo uliegemea kitu. Miguu ilikanyaga sakafu. Kulikuwa na mkanda wa kujifunga, na mlango uliofungika, na dari juu ya kichwa changu. Nilikaa kama dakika tano. Ningeachwa ningezalia humo.

Nilipotoka, Rotich alikuwa anatupatia karatasi ya maelezo ya zile gari tatu. Nikaiangalia. Kulikuwa na neno moja la Kizungu nisilolijua, na mbele yake namba. Nikamuuliza kwa sauti ndogo.

"Hiyo ni uzito gari inakubali kubeba," akasema. "Mzigo na watu pamoja. Watu wa huku husahau watu."

Mzee hakuamua siku hiyo. Nyinyi hamjui Mzee Makokha. Alisimamia mashine ya posho, ya kusaga mahindi, miaka thelathini. Ile mashine ilimharibia masikio, lakini ilimfundisha mizani, na mizani anaiamini kuliko mchungaji. Kusoma hakujifunza. Alisema muuzaji ana mdomo, lakini karatasi haina mdomo, kwa hivyo karatasi iende nyumbani isomwe. "Gari inabeba kile kimeandikwa," akasema. "Yenye inabeba zaidi ndiyo yangu."

Walubengo akanyoosha mkono achukue karatasi. Mzee akakataa.

"Wewe utanisomea rimu."

Akamwambia Mama kwamba bibi ya Walubengo asome. Kwamba nimesoma mpaka darasa la nane, na kwamba mimi sina upande.

Niliyasikia hayo nikatazama chini. Upande nilikuwa nao, na sister wa kliniki alikuwa ameuandika kwenye kadi.

*

Tulisoma hiyo karatasi Jumapili baada ya kanisa. Mzee aliketi barazani. Mimi nilikuwa mlangoni kwa jikoni, hatua kama ishirini, nimempa bega. Mama Sellah alisimama katikati ya kiwanja, mikono kiunoni. Nilikuwa nasoma Kizungu, nageuza, yeye anapaaza sauti mpaka majirani wanasikia.

"Sitiringi ya pawa," nikasoma.

"Ati sitelingi iko na pawa," Mama akapaaza.

"Pawa ya nini?"

Mama akanigeukia. Nikamwambia ni ya kukata kona bila kutumia nguvu.

"Ya watu wavivu," akamwambia Mzee.

"Ruka hiyo."

Tuliruka nyingi. Tuliruka redio, tukaruka hewa baridi, tukaruka vioo vya kujikunja. Walubengo alikuwa ameketi kwa ngazi, kila kitu kikirukwa anavuta pumzi kama mtu anang'olewa jino.

Halafu nikafika kwa uzito.

Sasa hapa ndipo nataka niseme ukweli, ndiyo maana ninaandika. Tangu asubuhi nilikuwa nimepanga kudanganya. Kanisani sikusikia mahubiri hata neno, nilikuwa napanga namba. Lakini macho yalipofika pale, ulimi ulikataa. Nilisoma vile ilivyoandikwa. Kabini moja, kilo elfu moja na mia moja. Dabo kabini, hizo zote mbili, kilo mia nane, na watu ndani yake.

Mama Sellah hakugeuka haraka. Alinitazama usoni, halafu akashusha macho akatazama tumbo. Yeye ndiye alifua nguo zangu zile mara mbili. Yeye ndiye alichimba nyuma ya migomba, akakataa mtu mwingine asishike jembe.

Kisha akamgeukia Mzee.

"Kilo ni sawa," akapaaza. "Zote tatu. Elfu moja na mia moja."

"Zote?"

"Ndivyo imeandikwa."

Nilikuwa na karatasi mkononi. Kusema tu, "Mama, sivyo," na ingekwisha. Walubengo alikuwa ameshakata tamaa, hasikilizi hata. Kuku walikuwa wanapita katikati yetu. Nilingoja mtu mwingine aseme. Hakuna mwingine aliyejua.

Nikaikunja karatasi mara nne. Mama akanyoosha mkono, nikampa. Ndiyo aliwashia moto wa chai.

Mzee alifikiria siku mbili. Kama kilo ni sawa, akasema, basi wazee wa kanisa wamemwomba lifti mara nyingi na hawawezi kukaa juu ya magunia. Akachukua ile ya pili, ya katikati. Rimu za kung'aa alisema ni za watu ambao hawajaoa.

Mimi na Mama hatukuzungumza hilo jambo. Tulikuwa tunapita jikoni kama watu wawili wamebeba sufuria moja ya moto.

*

Nikubali kwamba nilifurahi. Nisiwe mnafiki.

Safari ya kwanza kwenda Endebess niliketi nyuma na Mama, nimefungwa mkanda, Mzee mbele kwake. Tulikuwa hatujafika mbali akagundua kile kioo cha ndani cha dereva kinamwonyesha uso wangu. Akamwambia Walubengo asimamishe gari. Akashika kioo akakigeuza kikaangalia dari. Tangu siku hiyo mume wangu aliendesha bila kujua nyuma kuna nini, na sisi wawili nyuma tukacheka kimyakimya mpaka Mama akashika mbavu.

Mwezi wa tatu ukapita. Wa nne ukapita. Nilikuwa nahesabu kama mfungwa.

Mavuno yakaja. Mzee alisimama mwenyewe shambani kuhesabu magunia, maana alikuwa na namba yake kichwani. Magunia kumi na mawili ya kilo tisini. Wafanyakazi walimwambia aongeze la kumi na tatu, gari ni jipya. Akakataa katakata. Akawaambia wao ni watu wa kubahatisha, yeye ni mtu wa mizani.

Nilikuwa naosha sufuria pale pale. Niliona tairi za nyuma zimelala. Niliona bodi imeinama nyuma kama ng'ombe anayetaka kuketi. Mama pia aliona. Tuliingia garini tukafunga mikanda.

Safari tatu zilifika salama. Ya nne ilikuwa Desemba, mwezi wangu wa tano, mwezi ule mbaya niliopoteza wale wawili. Tulipita Kitale, tukapita Kiminini, tukapita Kamukuywa. Kwenye mteremko nikasikia kitu chini kikivunjika kama mti. Ni springi ya nyuma. Gari likavuta kushoto, Walubengo akapigana na usukani, likaenda likalala kwa mtaro na magunia yakaruka juu yetu yakapasukia kwenye shamba la mtu.

Mkanda ulinishika. Ningekuwa nyuma kwenye bodi, ningekuwa chini ya hayo magunia. Hospitalini walinipima, wakaniwekea kile chombo nikasikia mwenyewe moyo wa mtoto. Ulikuwa unapiga kama hakuna kilichotokea.

Mzee hakuwa amefunga mkanda. Alikuwa akisema mkanda ni wa suruali. Mguu wa kulia ulivunjika mara mbili.

Alipoamka vizuri, neno lake la kwanza lilikuwa kwamba Walubengo alikimbiza gari. Mume wangu aliapa hakupita sitini. Mzee akasema gari jipya lililobeba kilichoandikwa haliwezi kuvunjika lenyewe, lazima limevunjwa na mtu. Akachukua ufunguo, akautia kwenye kamba, akauvaa shingoni. Gari lenyewe lilivutwa mpaka kwa fundi Kitale.

Januari yote mume wangu hakuwa na kazi. Alikuwa anaamka, anakaa kwa ngazi, anaangalia mahali gari lilikuwa linaegeshwa. Wanaume wa Mabanga wakimwona barabarani walikuwa wanamuuliza kama amepata leseni ya baiskeli. Nilimwona akizeeka kwa kosa ambalo halikuwa lake, na nikampelekea chai, na sikusema.

Nilimwambia Mama lazima tuseme.

"Zaa kwanza," akasema.

"Nikizaa tutasema?"

"Jentrix. Zaa kwanza."

*

Jumamosi ya pili ya Februari, saa nne asubuhi, fundi akaja kutoka Kitale. Anaitwa Kimeli, mtu mfupi wa mikono myeusi. Alikuja na vipande vya springi kwenye gunia, akaviweka miguuni pa Mzee barazani. Kwa sababu ya yale masikio alikuwa anaongea kwa sauti ya kuita ng'ombe, kwa hivyo mimi jikoni sikukosa neno.

"Mzee, hii gari haikuharibiwa na kijana. Hii ilibebeshwa. Kwa mlango imeandikwa mia nane, na watu wako ndani ya hiyo mia nane. Wewe unaweka gunia kumi na mbili na watu wanne. Nani alikudanganya?"

Mzee aliinama akaokota kipande kimoja cha chuma, akakipima mkononi.

Kisha akamwita Mama. Akamuuliza aliambiwa nini ile Jumapili.

Mama Sellah alikuwa ameshika ungo. Aliuweka chini polepole.

"Mimi nilikuwa mdomo tu," akasema. "Nilisema kile nilisomewa. Kusoma sijui, na wewe unajua sijui."

Niliketi kwenye kigoda. Mtoto akageuka tumboni, teke moja, halafu akatulia.

Mzee alivua kamba shingoni, akamwita Walubengo, akampa ufunguo mbele ya fundi na mbele ya jirani yetu Wabwile aliyekuwa amesimama langoni. Hakuomba radhi, lakini alimwambia, "Gari ni lako kuendesha." Walubengo aliushika ule ufunguo na mikono miwili. Niliona uso wake kutoka jikoni. Nilikuwa nimeusahau ule uso.

Halafu akaja kwangu. Alisimama mlangoni.

"Ulisoma nini siku ile?"

"Nilisoma mia nane."

"Mama amesema vingine."

"Najua kile Mama amesema."

Alinitazama, akamtazama mamake huko nje, akatazama ufunguo. Akaenda akasimama kando ya ua, mgongo kwetu. Simlaumu sana. Alikuwa ameupata dakika tano zilizopita.

Mama Sellah ndiye aliyeniletea hukumu. Nani mwingine angeileta? Alisimama mbali kidogo na mlango, anaongea akiangalia moto wangu. Akasema Mzee ameamua niende kwetu, kule mji wa Kwanza, kupita Kitale. Mtu anayedanganya mizani hawezi kupika kwenye boma lake. Na bahati ni kwamba Wabwile anapandisha mbolea Kwanza leo, lori lake liko hapo nje tayari, kwa hivyo nisitafutiwe nauli.

"Kwa lori nitakaa wapi?"

"Mbele kumejaa. Ako na watu wawili."

"Mama. Nitakaa wapi?"

Akashika ukingo wa leso yake, akaukunja, akaukunjua.

"Juu ya mbolea," akasema. "Nimemwambia aende polepole."

Miezi saba. Kutoka Mabanga mpaka Kwanza, juu ya magunia. Nilimtazama huyu mama aliyenidanganyia kilo mia tatu ili mtoto wangu apate kiti, na sasa ananipandisha juu ya magunia kwa ule ule uongo. Nadhani hata yeye aliliona hilo, ndiyo sababu hakuweza kuniangalia. Sikuwa na hasira. Nilikuwa nimechoka tu, ule uchovu wa mtu ambaye amesimama kwa laini siku nzima na dirisha likafungwa.

"Mwambie Baba kitu kimoja," nikasema. "Mwambie nilisoma sawasawa. Hivyo tu. Usiongeze."

Akaenda. Niliona visigino vyake vikienda mpaka barazani. Nikasikia sauti yake, ile ile ya Jumapili, kubwa na safi.

"Anasema alikosea. Anaomba umsamehe."

Huko langoni Wabwile akawasha lori.

Nilisimama. Nilitoka jikoni nikaanza kutembea kuelekea barazani, zile hatua ishirini ambazo kwa miaka minne nilizipita kwa kuzunguka nyuma ya nyumba. Kimeli aliacha kufunga gunia lake. Mama alinikuta katikati ya kiwanja, akanishika mkono.

"Usiende huko," akasema chini chini. "Mwanangu, huko hakuendwi."

Nikautoa mkono wake. Sikuuvuta kwa nguvu, niliutoa tu, kidole kimoja baada ya kingine.

Mzee aliona miguu yangu kwenye saruji yake. Akashusha kofia mpaka kwenye pua, akageuza uso ukutani. Nilienda upande wa sikio lake lenye nafuu, nikabaki mbali kiasi cha mkono.

"Baba," nikasema. "Nilisoma mia nane."

Mama Sellah alikuwa amesimama pale pale nilipomwacha. Nilifikiri Mzee atapiga kelele, au ataita watu waniondoe. Akavua kofia, akaiweka gotini, akageuka akanitazama usoni. Macho yake ni ya kahawia. Sikuwa najua.

"Huyu nimemsikiliza miaka arobaini na moja," akasema, kidevu kikielekea kwa Mama. "Nikiongea naye yeye tu, nitasikia yeye tu. Sasa wewe. Masikio yako ni mazima?"

"Ndiyo, Baba."

"Aliponiambia kilo ni sawa, ulisikia?"

Hilo ndilo swali nililolikimbia tangu Septemba. Si lile la nilisoma nini, hilo nilikuwa na jibu lake. Nilimwangalia mume wangu kule kwenye ua, amegeuka sasa, mdomo wazi. Nilimwangalia Mama.

"Nilisikia, Baba," nikasema. "Nikanyamaza."

Mzee akainamisha kichwa mara moja, kama mtu amesoma sindano ya mizani na imekubali kusimama. Akachukua fimbo. Akaielekeza langoni, kwenye lile lori linalonguruma.

"Nenda umwambie Wabwile awashushe wale watu wawili wa mbele," akaniambia, mimi, na mdomo wake mwenyewe. "Wapande juu ya mbolea. Ninataka viti viwili."

Kimoja nilijua ni changu. Nilisimama nikingoja aseme cha pili ni cha nani, lakini alikuwa ameshavaa kofia, na Mama Sellah, bila kungoja aambiwe, alikuwa ameanza kufungua aproni yake ya kupikia.